Kabla Hujalishusha Shangingi

Marahaba, wanangu. Naitikia kabla hamjaniamkia, kwa sababu najua wengi mtasoma haya mkiwa mmelala chini ya gari la mtu, na aliye chini ya gari hasalimii mpaka atoke. Mkitoka mtaniamkia kwa nafasi yenu. Mimi nimeshapokea.

Naitwa Fundi Salumu. Nimefunga springi hapa Morogoro mjini mpaka magoti yangu yenyewe yakaanza kulia kama springi kavu, ndipo nikaacha. Shule niliishia darasa la saba, na huko darasa la saba nilikaa dirishani, kwa hiyo nusu ya masomo nilitazama barabara. Msinitegemee kwa maneno makubwa. Lakini gari nikiliona linapita najua limebeba nini, limekata nini, na mwenye gari ana haraka ya kwenda wapi.

Binti yangu Zuhura ndiye aliyeniambia niandike. Anasema vijana wa gereji mnamuuliza kila siku: "Mwulize mzee, shangingi tulishushe kwa seti gani?" Maana siku hizi mtu akinunua lile gari kubwa la kukalia watu nane, refu kama nyumba ya ghorofa, kitu cha kwanza anataka lishuke liwe fupi. Zamani watu walinunua gari refu ili waonekane. Sasa wanalinunua refu, wanalipa tena ili liwe fupi, ili waonekane zaidi. Sicheki. Kazi ni kazi.

Nianze na mwalimu wangu, Fundi Athumani, Mungu amrehemu. Alikuwa na mikono ya dhahabu na subira ya nzi. Siku moja dereva wa teksi alimletea gari akataka lishuke kidogo. Athumani hakutaka kufungua springi. Aliwasha mtungi wa gesi, akazichoma springi zikiwa palepale garini mpaka zikawa nyekundu, gari likashuka lenyewe taratibu kama mtu anayekaa kwenye kiti. Likapendeza. Dereva akaondoka anapiga honi.

Tatizo likawa moja. Gari halikuacha kushuka. Lilipofika Mikese lilikuwa limekaa barabarani kama kuku anayetaga, na dereva amesimama kando anaongea nalo kwa upole. Tulikwenda kulichukua. Fundi Athumani alilizunguka, akakuna kidevu, akaniambia, "Salumu, chuma ukikichoma kinasahau kazi yake." Akaongeza, "Na mimi leo nimesahau yangu."

Basi hilo ndilo la kwanza: springi haichomwi. Wala haikatwi kwa grinda pete moja ukasema utaona baadaye. Utaona kweli, lakini utaonea kwenye mtaro. Springi fupi inatengenezwa ikiwa fupi tangu kiwandani, na inafanywa ngumu zaidi kidogo ili ule ufupi wake usiligongeshe gari chini kila likipata shimo.

Sasa nije kwa Kibwana, maana ndiye aliyenifundisha mengine yote, na hakuna siku aliyokusudia kunifundisha.

Kibwana ni mtani wangu wa ukoo. Kama wewe si wa huku, nikueleze: kwetu Uluguru ukoo una ukoo mwenzake wa utani. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako usikasirike. Na siku ya msiba ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, hata makaburini, na hakuna wa kumnyamazisha. Hiyo ni kazi yake kama springi ilivyokuwa kazi yangu.

Alikuwa akinunua mahindi Gairo anayauza mjini, na mahindi yakamlipa akanunua shangingi jeusi. Sasa Kibwana ni mfupi. Sisemi kwa utani, nasema kama fundi anayepima. Alikuwa na kigoda cha mninga alichokifunga kamba. Akifika kwenye gari anaweka kigoda, anapanda juu yake, anajivuta ndani, kisha anakivuta kigoda kwa kamba kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Watoto wa mtaa walikuwa wanahesabu pamoja: moja, mbili, hooo! Naye anawapungia mkono kama kiongozi.

Siku moja asubuhi akaja gereji kwangu. Marehemu mke wangu Hawa alikuwa langoni anakaanga vitumbua, alikokuwa siku zote.

"Wee mzoga," Kibwana akaniita, "bado unapumua?"

"Nakusubiri utangulie. Ubwabwa wa msiba wako nimeshauota."

"Hutaupata. Nimewaambia wakunyime." Akapiga bodi ya gari kwa kiganja. "Nataka hili lilale."

"Lilale vipi?"

"Lilale kabisa. Likipita, sisimizi wainamishe vichwa."

Nikamwuliza kwa nini. Hili nalo lishikeni: mteja akisema anataka kushusha gari, mwulize sababu kabla hujashika spana. Kibwana akatazama chini, akasema, "Mama yangu amekataa kulipanda. Sikukuu ya Idi vijana walimsukuma kwa nyuma wampandishe, watu wakacheka. Amesema yeye si gunia la mahindi. Hapandi tena gari maishani mwake."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilijua mtani wangu anaficha kigoda chake nyuma ya mama yake.

"Sema tu miguu yako imechoka kuning'inia!" nikamwambia.

Naye akacheka. Angefanya nini? Mtani akikucheka unacheka. Tukaishia hapo.

Akatoa boksi nyuma ya gari. Alikuwa ameshaagiza seti kwa simu, baada ya kutazama video ya gari kama lake, limelala, linateleza katika nchi ambayo barabara zake zimenyooka kama mkeka mpya. Niseme haki: ilikuwa seti nzuri. Ilikuwa na springi nne, shokapu nne fupi za kufuatana nazo, na stopa fupi za mpira, zile za kuzuia chuma kisigonge chuma. Ilikuwa na ile fimbo ya nyuma inayoshika ekseli isiende kando, ya kurefushwa na kufupishwa, maana gari likishuka ekseli ya nyuma husogea upande mmoja, na bila fimbo hiyo gari linakwenda kama kaa. Mkiletewa springi tupu bila vitu hivyo, mmeletewa nusu ya seti. Shokapu ndefu chini ya springi fupi ni kama mtu mrefu aliyelazwa kitanda cha mtoto. Atajikunja kwa muda, halafu atakipiga teke.

Kwa hiyo seti ilikuwa kamili. Ila ilikuwa ya kushusha sana. Nikaweka vidole vyangu kati ya tairi na madigadi, nikamwonyesha. "Sasa hivi hapa inaingia ngumi na mkono. Nikifunga hizi, hata kidole cha mtoto hakitapita. Matuta ya Dumila utayalamba. Barabara ya kwenu Kinole usiiote."

Kibwana akanyoosha mikono juu. "Wivu! Mtani ana wivu na gari langu!"

"Kibwana, nasema kweli."

"Wewe kusema kweli umeanza lini?"

Hapo ndipo penye ubovu, wanangu, na sikuuona. Yeye aliniambia kweli juu ya mama yake nikadhani ni utani. Mimi nikamwambia kweli juu ya gari lake akadhani ni utani. Watani wawili wakikaa meza moja, ukweli unabaki nje kama viatu. Nikafunga seti.

Fundi aliyefunga springi lazima alipande gari kabla hajamwachia mwenyewe. Hiyo ilikuwa sheria ya Fundi Athumani baada ya Mikese. Kwa hiyo Kibwana alipokuwa akienda Gairo nikaenda naye. Nyuma walikaa shangazi zake wawili, wanafuata karanga. Kigoda alikiacha nyumbani kwa dharau. Alifungua mlango, akaketi tu, kama mtu anayeketi kwenye jamvi.

Mjini tulitoka vizuri. Vijana wa bodaboda walipiga miluzi. Kibwana alitoa kiwiko dirishani, na kiwiko chake kilikuwa karibu kabisa na vichwa vya mbuzi.

Tuta la kwanza tulisikia kishindo chini, kama mtu anapiga mlango kwa gogo. Tuta la pili Kibwana akasema, "Linazoea." Tuta la tatu nikamwambia asimamishe, watu washuke, gari liwe jepesi. Ikawa ndio utaratibu. Tukiona tuta, shangazi wanashuka, mimi nashuka, gari linavuka linakwaruza, tunapanda tena. Shangazi mkubwa alivumilia kimya. Tulipokaribia Dumila akasema, "Mwanangu Kibwana, tulitoka nyumbani tumepanda gari. Sasa naona tunalipeleka malishoni."

Dumila penyewe, mnapajua. Ukisimama tu, wauza nyanya na vitunguu wanakuja mbio, wananyanyua mabeseni mpaka dirishani. Siku ile walikuja mbio wakapunguza mwendo. Walikuwa wanatutazama kwa juu. Mama mmoja aliweka beseni lake la nyanya juu ya paa la gari, akaendelea kumpigia kelele mteja wa basi.

"Mama! Mama, hilo ni gari!" Kibwana akamwambia kutoka chini.

Yule mama akainama, akamwona. "Ee, samahani baba. Nilidhani wameleta meza."

Kibwana akakanyaga mafuta kwa hasira. Na mbele yake kulikuwa na tuta, lile kubwa. Magurudumu ya mbele yakavuka, tumbo likakaa juu ya tuta, na gari likasimama linabembea kama mizani ya dukani. Akikanyaga mafuta linanguruma tu, haliendi. Akiegemea mbele linainama mbele. Akiegemea nyuma linainama nyuma. Shangazi mdogo akaanza kucheka kwa kwikwi, na kila kwikwi yake gari linajibu.

Walitutoa wauza nyanya. Walishika pande zote, "Haya, moja, mbili, hooo!" wakatunyanyua kutoka juu ya lile tuta. Kijana mmoja akampigia Kibwana saluti. "Mzee, ukirudi tena tupigie simu, tuje na wengine."

Gairo hatukufika. Tuligeuza palepale, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyeongea ila shangazi mkubwa, ambaye kwa kila tuta alikuwa akisema, "Bismillahi, tushuke."

Tulipofika gereji Kibwana akanigeukia macho mekundu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Ulikuwa unatania!"

"Na wewe ya mama yako ulikuwa unatania?"

Akafungua mdomo. Hakuna tusi lililotoka. Sikuwahi kumwona Kibwana hana tusi.

Hawa akaweka chini mwiko wa vitumbua. Yeye hakuwa wa ukoo wangu wala wa ukoo wa Kibwana, kwa hiyo kwake maneno yalikuwa na uzito wa kawaida. "Nyie wawili ni wajinga," alisema. "Mama yake huyu, Bibi Zena, hajatania. Huko Kinole kila mtu anajua. Alisukumwa makalioni na vijana wa umri wa wajukuu zake, mbele ya wakwe, kanga ikamdondoka. Na harusi ya mjukuu wake ni baada ya mavuno, hapahapa mjini. Yeye ndiye wa kumtoa mwali. Asipofika, mwali atatolewa na nani?"

Kwa asiyejua desturi yetu, bibi huyo si mgeni mwalikwa. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na bibi mzaa mama ndiye mwenye ukoo. Harusi bila yeye ni kama gari bila stelingi, litakwenda lakini hakuna anayejua wapi. Na bibi Zena magoti yake yalikuwa mabovu, lakini neno lake halikuwa bovu. Alisema hainuliwi na mtu tena, basi hainuliwi. Hata kigoda cha Kibwana alishakijaribu. Kule mlimani hakuna pa tambarare hata pa kuweka kikombe, kigoda kikapinduka, naye akasema afadhali gunia kuliko sarakasi.

Sasa ndipo tulipoanza kuchagua seti kwa akili, na nataka mfuate hapa.

Ulizeni nani anapanda. Mnatazama video, mnatazama rimu, lakini mwenye kupanda hammtazami. Hawa alichukua ile kamba ya kigoda akapanda nayo mlimani. Akakaa na bibi Zena siku nzima wakimenya maharage, na bibi alipokuwa anavuka kizingiti, Hawa anatazama mguu wake unanyanyuka mpaka wapi. Akafunga fundo kwenye kamba kwa kimo hicho. Alipoileta, tuliiweka kwenye mlango wa shangingi. Kwa ile seti ya kulala, fundo lilikuwa sawasawa na sakafu ya gari. Kibwana akapiga kelele za furaha.

"Hapo umepata," nikamwambia. "Limebaki jambo moja dogo. Gari lifike Kinole."

Hilo ndilo la kufuata: ulizeni gari linalala wapi. Barabara ya Kinole mvua ikinyesha ina mawe ya ukubwa wa vichwa vya watu wazima, na baadhi yana sura. Gari lililolala halivuki hata robo ya njia. Kwa hiyo nilifungua zile springi zote, nikamtafutia seti ya kushusha vidole viwili tu. Hiyo ndiyo ninayowashauri kwa shangingi lolote la hapa kwetu. Vidole viwili gari linatulia kwenye kona, halipepesuki, mwenye magoti anaona nafuu, na tumbo bado linapita juu ya tuta. Lipimeni likiwa mahali pa tambarare, tangi limejaa, na mzigo wake wa kila siku umo ndani. Mkishafunga, liacheni litembee siku chache, springi zikae, ndipo mpime tena, mpeleke kunyoosha magurudumu, na kurekebisha taa za mbele. Na mgeuze stelingi mpaka mwisho kushoto na kulia, msikie kama tairi linagusa madigadi. Redio muizime kwanza.

Kuna wanaouza mito ya upepo, ukibonyeza kitufe gari linashuka, ukibonyeza tena linapanda. Kibwana aliitamani sana. Nikamwambia inafaa kwa mtu ambaye gari lake halijui tope. Mpira wa mto ule ukiingia mchanga na jiwe la Kinole, siku moja utashuka na hautapanda, na utachagua mwenyewe siku hiyo. Unaijua siku gani. Siku ya harusi.

Basi vidole viwili. Tukaweka kamba tena. Fundo likabaki chini sana ya sakafu. Mimi na Kibwana tukatazamana kama watu wawili waliomaliza chakula na bado wana njaa. Hakukuwa na seti ya kati. Likiwa chini, haliendi kumchukua. Likiwa juu, hapandi. Harusi ilikuwa inakaribia, na Kibwana alianza kukonda, jambo ambalo kwa mwili wake halikuwa na pa kuanzia.

Hawa akatusikiliza tukibishana kwa muda mrefu. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mnashusha gari, mnashusha gari," alisema. "Kwani ardhi haipandi?"

Tukamtazama.

"Ndizi huko kwetu zinapakiwaje?"

Wanangu, nimezaliwa chini ya milima ile na sikuwahi kuliwaza. Kule Kinole mwanamke anatoka shambani na mkungu kichwani. Hautui. Akiutua, nani atamtwika tena? Lori linasimama barabarani chini, limebana kabisa ukingo uliokatwa mlimani, na yeye anakuja kwa njia ya juu mpaka sakafu ya lori iko sawa na miguu yake. Anatembea, anaingia, anateremsha mzigo, anatoka. Hakuna anayeinua kitu. Hawa alikuwa amefanya hivyo tangu yuko mdogo. Alipajua mahali penyewe, nyuma ya nyumba ya mama yake, ambapo ukingo ulikuwa na kimo cha kiuno.

Tulikwenda siku ya harusi, alfajiri, kumeshapambazuka. Hawa alitangulia mbele kwa miguu akimwelekeza Kibwana kwa mikono, "Njoo, njoo, bana, bana, usiogope kuchubua rangi, bana!" Kibwana akalibana shangingi ukingoni mpaka majani yakaingia dirishani. Mlango wa upande wa ukingo ukafunguliwa. Sakafu na udongo vilikuwa sawa, ungeweza kuvingirisha chungwa.

Bibi Zena akaja kwa njia ya juu, amevaa kanga mpya, ameshika mwavuli. Akasimama. Akautazama ukingo, akalitazama gari, akamtazama mwanawe.

"Yaani ndizi mnajua kuzipakia kwa heshima," alisema, "mama yako ukamsukuma."

Kisha akaingia, akitembea, kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Akakaa. Akafunga mwavuli. Hakuna mkono uliomgusa.

Njia nzima alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nasikiliza shokapu. Zilikuwa kimya kama zimelala.

Tulipofika mjini, kwenye nyumba ya harusi, Kibwana akasimamisha gari, akafungua mlango, na sote watatu tukakumbuka kwa pamoja kwamba mji wa Morogoro ni tambarare. Bibi Zena akatazama chini, akaona ardhi ilivyo mbali. Akafungua mwavuli palepale ndani ya gari. Ina maana hashuki.

Wakaja wajomba, wakaja wazee wa bwana harusi. Hashuki. Wakamletea chai, akainywa dirishani. Mpiga ngoma akaja akapiga karibu na gari, bibi akatikisa mabega lakini miguu haikusogea. Ndani mwali amekaa, amefunikwa, anangoja. Kibwana anazunguka gari anasema, "Mama, tafadhali." Nami nilikuwa najiona nimeshinda vita vya mlimani nimeshindwa vya uani.

Hawa akamvuta Kibwana sikio. "Ghala lako la mahindi lina jukwaa la kushushia mizigo. Lina kimo gani?"

Basi gari likageuzwa. Watu wa harusi wote wakalifuata, ngoma, matarumbeta, watoto, mpaka kwenye ghala la mahindi la Kibwana. Akarudi kinyumenyume mpaka jukwaani, akabana upande, mlango ukafunguliwa, sakafu na saruji vikawa sawa. Wapagazi waliokuwa wamebeba magunia wakasimama kwa adabu.

Bibi Zena akasogeza mguu. Akasogeza wa pili. Akasimama katikati ya mahindi, akatazama magunia kushoto na kulia, akatutazama sisi. Hilo neno hakuna aliyethubutu kulitaja.

"Haya," alisema, "gunia limefika. Nani analipokea?"

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani mpaka leo kuna panya wa lile ghala hawasikii vizuri. Jukwaani kulikuwa na mteremko wa mikokoteni, akateremka kwa miguu yake mwenyewe mbele ya ngoma, na mwali akatolewa na aliyestahili kumtoa.

Zile springi za kulala ziko uani kwangu hadi leo. Kuku wanalalia humo. Naona ndiyo kazi ziliyoandikiwa kiwandani.

Sasa niseme la mwisho, na hili si la springi, ingawa ni la palepale.

Mwaka jana Hawa alitangulia. Aliugua muda si mrefu, na mimi niliyezoea kusikia ubovu kwa masikio sikusikia kitu. Siku hizi vitumbua nakaanga mwenyewe. Vinatoka na umbo la jeki. Kwa desturi yetu alirudi kuzikwa kwa ukoo wa mama yake, Kinole, na Kibwana alisema gari ni lake, hakuna mwingine atakayempeleka.

Mtani akija msibani anakuja na vituko. Nilimngoja avianze. Njia nzima hakusema kitu, na nilimwogopa kuliko kama angetukana. Shangingi lilipanda mlima polepole, vidole vyake viwili chini, halikugonga hata jiwe moja. Tulipofika, vijana walijipanga kwenye mlango wa nyuma, wanyanyue jeneza walipandishe juu ya ukingo. Kibwana akawafukuza kwa mikono. Kisha nikamwona Kibwana mwenyewe ameshuka, amejifunga kanga ya Hawa kiunoni, ile ya vitumbua, sijui aliitoa wapi. Akamwachia dereva mwingine usukani, akaanza kurudi nyuma kwa hatua za Hawa, na sauti ya Hawa, na mikono ya Hawa: "Njoo, njoo, bana, bana, usiogope kuchubua rangi, bana!"

Watu wote wakacheka huku wanalia. Gari likarudi nyuma mpaka ukingo, palepale, nyuma ya nyumba ya mama yake Hawa. Mlango ukafunguliwa. Sakafu na udongo vikawa sawa.

Jeneza likateleza taratibu, na Hawa akatoka bila kunyanyuliwa na mtu, akaingia kwao.

Kibwana akanigeukia na kanga kiunoni, uso umelowa, akafungua mdomo anitukane. Nilimwona anatafuta tusi, analitafuta, anakosa. Nikaona nimsaidie, maana mtani ni wa kusaidiana.

"Wee mfupi," nikamwambia, "umebana vizuri."

"Nasema kweli, Salumu," akajibu, "alinifundisha yeye."

Na mara hii nilimwamini.